Jiwe la Kumi na Tatu

Mimi sijui kusimulia kwa kuzunguka. Nilitoa jiwe. Mkono huu ndio uliolitoa, na kijiji kizima cha Tsakur kinajua, na kuna wanawake hadi leo wakiniona chemchemini wanainama kujifanya wanafunga viatu. Basi nipeni nafasi niseme ilivyokuwa. Anayetaka kunihukumu anihukumu akiwa na habari nzima, si vipande vya kuokota.

Malisho yetu ya majira ya baridi yako Rechung, bonde lililo nyuma ya mlima, ambako upepo haufiki na theluji haikai. Mbuzi wetu huzaa mwezi wa kwanza na wa pili, kwenye baridi ya kupasua chupa, na kitoto cha mbuzi kikizaliwa nje ya Rechung masikio yake huganda kabla mama hajamaliza kukilamba. Bila Rechung hakuna vitoto, bila vitoto hakuna sufu, na bila sufu hakuna Tsakur. Tungekuwa sote tunafagia hoteli mjini Leh kama binamu zangu.

Ubaya wa Rechung ni mmoja tu. Delhi inasema mpaka unapita mwisho wa bonde, Beijing inasema unapita mwanzo wake, na hapo katikati hakuna ukuta wala waya, kuna nyasi. Watu husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hapa kwetu nyasi ndizo zinazopiganiwa.

Baridi tatu mfululizo hatukwenda. Waliotuzuia ni askari wetu wenyewe. "Mazungumzo yanaendelea," walisema, "msiyavuruge." Haya, mazungumzo yakaendelea, vitoto vikafa. Baridi ya tatu nilikuwa natoka hemani asubuhi na kikapu, naviokota vimekauka kama kuni, na mume wangu Angdus ananifuata nyuma bila kusema neno. Angdus si mtu wa maneno. Mambo yakimzidi, hunyamaza.

Mwaka uliofuata redio ikasema wakubwa wamekubaliana. Wiki mbili baadaye Kapteni Thampi akapanda kijijini kutusomea masharti. Alikuwa mtu wa kusini kabisa, kwao nazi zinaanguka zenyewe, na daima pua yake ilikuwa inabambuka kwa baridi. Kihindi chake na changu, hakuna ambaye angemcheka mwenzake. Lakini hakuwa mtu mbaya, nalisema hilo mapema.

"Mtakwenda hadi lhato la tatu," alisema. "Hatua moja mbele ya hapo, marufuku. Msirushe mawe ya kombeo upande ule. Wakija, msibishane nao, niachieni mimi. Na kitu kipya chochote msijenge. Hata ukuta wa zizi ukianguka, uacheni. Kila kitu kule kimepigwa picha, na wao na sisi. Kitakachoonekana kimebadilika kitaleta maneno, na maneno huko juu hayaishi kwa maneno. Mmenielewa?"

"Na haja ndogo je?" akauliza mama mkwe wangu, Lhazom. "Nayo imepigwa picha? Maana mimi ya mwaka huu haitakuwa ileile."

Watu wakavunjika mbavu. Kapteni mwenyewe akacheka hadi akashika pua yake kwa maumivu. Nami nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi, kwa sababu tulipokuwa tunacheka ndipo tulipopaswa kuuliza.

Lhato ni rundo la mawe la mungu wa njia. Yako matatu kwenye njia ya Rechung, na lile la tatu liko mwisho wa malisho yetu, limefika kifuani kwangu, limefungwa vitambaa vya sala vilivyochakaa. Juu yake kabisa kulikuwa na jiwe bapa lenye sala iliyochongwa, ambalo babu yake mama mkwe alilibeba mgongoni kutoka mtoni. Kila apitaye pale huongeza jiwe moja na kupiga ukelele wa kuwasifu miungu. Ukikosa kupita mwaka mmoja, mwaka unaofuata unaweka mawili, ili mungu asidhani umemsahau. Hakuna aliyetufundisha hilo. Tulizaliwa tukalikuta, kama tulivyozikuta pua zetu.

Tulikwenda watatu, mimi, Angdus na mama mkwe. Baridi tatu tulizokosa, na hii ya nne. Mawe manne kila mtu, watu watatu, kumi na mawili. Tukayaweka. Angdus, yule yule asiyesema, akajaza kifua akapiga ukelele mara tatu, bonde likamrudishia, na mbuzi wakashuka mbio kwenye nyasi. Mama mkwe akalia kwa furaha. Nami nilikuwa na furaha, wala sioni haya kusema.

Kapteni alisema tusijenge. Sisi tulisikia zizi, tulisikia ukuta, tulisikia kibanda. Kumwekea mungu jiwe lake ni kujenga? Ni sawa na mtu akwambie usiguse kitu sebuleni kwake, halafu akugombeze kwa kuwaamkia wazee waliomo. Haikutupitia kichwani. Naapa, ingetupitia, ningekuwa wa kwanza kusema, maana mdomo wangu haujui kulala.

Siku ya pili kikaja kidude cha kuruka, kile kinachovuma kama nyuki. Kilitokea ng'ambo, kikapita juu ya mbuzi, kikaenda kusimama juu ya lhato. Kikakaa pale. Kikashuka kidogo, kikazunguka, kikakaa tena.

"Kinatazama nini?" nikauliza.

"Kinakutazama wewe," mama mkwe akasema. "Kimeambiwa kuna mwanamke wa Tsakur anayesema hadi usingizini, kimekuja kuhakikisha."

Nilijitia kucheka. Lakini usiku wote nilikuwa nageuka tu, nasikiliza. Angdus naye alikuwa macho.

Asubuhi ya siku ya tatu Kapteni Thampi alikuja akikimbia na askari wanne. Katika urefu ule hakuna anayekimbia, hata sisi hatukimbii. Alifika akainama, mikono magotini, anahema, nami nikamwona uso. Nilikuwa nimemwona amechoka, nimemwona amekasirika. Sikuwahi kumwona akiogopa.

Alitoa simu akanionyesha picha mbili za lhato. Ya kwanza ilipigwa kabla yetu, ya pili jana.

"Nani amejenga?"

"Hakuna aliyejenga, Afande," nikasema. "Tumemsalimia mungu."

"Dada yangu, wao hawaoni mungu. Wanaona kituo kimeinuliwa baada ya makubaliano. Wamepiga simu usiku, wamesema tumevunja mkataba siku ya tatu. Wanakuja. Nao wakija na mimi lazima nilete wangu." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, nakuomba. Yaondoe mawe yenu kabla hawajafika."

"Mwanangu," mama mkwe akamjibu, taratibu kabisa, "jiwe alilopewa mungu halinyang'anywi. Kama wewe unaweza, ondoa. Halafu uteremke nalo mlima huu uone kama utafika."

Kapteni hakuligusa. Nilimwona alivyonyoosha mkono na kuurudisha. Wakati huohuo tukasikia injini.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo lilipo kosa langu mimi, si la mtu mwingine. Tulikuwa na mbuzi jike mmoja, Kipaku, uchungu umemshika tangu alfajiri. Zile kelele zilimtia wazimu, akapita kando ya lhato, akateremka upande wa pili hadi kwenye kishimo chenye jua, akajilaza. Hatua arobaini hivi, si zaidi. Angdus alinitazama. Nikamwambia, na maneno haya nitakufa nayo: "Unasubiri nini, azalie kwenye theluji? Baridi tatu nimeokota maiti, sitaokota tena."

Akaenda.

Kapteni akapiga kelele, "Rudi! Wewe, rudi!" Angdus alikuwa keshapiga magoti, mikono yake imeshaingia kazini. Magari yao matatu yakatokea juu ya kilima, wakashuka kama ishirini na ngao na marungu, na kabla sijamaliza kuita jina lake walikuwa wamemzunguka. Sikumwona tena, niliona migongo tu.

Nikakaa chini kwenye mawe. Nyuma yangu lori letu likafika, askari wetu wakashuka, nao na ngao zao na marungu yao, wakajipanga. Hakuna aliyekuwa na bunduki mkononi, lakini kila mtu alijua ziko kwenye magari. Kati ya mistari miwili tulikuwa wanawake wawili na lhato. Upepo ulikuwa umetulia. Nilimsikia askari mmoja wetu, kijana wa watu, meno yanagongana, na halikuwa suala la baridi.

Upande ule akasogea mtu mwenye miwani na kipaza sauti. Alipofungua mdomo, alisema lugha yetu. Si Kihindi, si Kichina. Lugha yetu hii hii, imepinda kidogo tu, kama anavyosema shangazi aliyeolewa mbali.

"Mmeinua lhato kinyume cha makubaliano. Lirudisheni lilivyokuwa kwenye picha. Likirudi, mtu wenu atarudi. Lisiporudi, ataondoka na sisi kwa kosa la kuvuka mpaka."

Nilimtafsiria Kapteni. Akasema kwa sauti ya chini, "Wanaweza kumkalisha miezi. Au mwaka." Kisha akajuta kulisema.

Nikainuka. Mama mkwe akanishika joho. "Yudol."

"Mama, ni mwanao."

"Najua ni mwanangu. Nilimzaa kabla hujajua kufunga kamba." Machozi yalikuwa yanamtiririka. Lakini mkono akauachia.

Nikaanza kutoa mawe. Ya mama mkwe niliyajua, huchagua meupe. Yangu niliyajua. Ya Angdus ni makubwa, hujifanya ana nguvu. Nilitoa moja nikaweka chini, nikaomba msamaha kwa sauti, nikatoa la pili. Pande zote mbili walikuwa wamenyanyua simu wananipiga picha. Vidole vilipasuka, damu ikawa inabaki kwenye mawe, nami nikawa naogopa hata hilo, kwamba watasema lhato limepakwa rangi. Acheke anayetaka kucheka. Hofu ikikukaa vizuri haikuachii akili. Nikafika kumi na mawili. Nikarudi nyuma.

Yule wa miwani akasemezana na mkubwa wao, wakatazama karatasi. Akainua kipaza sauti.

"Bado moja."

"Kumi na mawili!" nikapiga kelele. "Tumeweka kumi na mawili! Nihesabieni!"

"Kwenye picha yetu ni fupi zaidi. Bado moja."

Nikatazama. Juu ya lhato lilikuwa limebaki lile bapa, jiwe la babu. Labda picha yao ilikuwa ya zamani sana. Labda walikuwa waongo. Hadi leo sijui.

Kapteni Thampi akanisogelea sikioni. "Usiliguse hilo. Lhato hili limeandikwa kwenye makubaliano jinsi lilivyo, na jiwe hilo juu. Ndilo alama yetu. Ukilitoa kwa mkono wako, mtu wa Tsakur, watasema alama hii si ile, na doria yetu haitafika tena hapa. Unanielewa? Utakuwa umetoa bonde."

"Na mume wangu?"

"Atarudi."

"Lini?"

Akajifuta pua.

"Afande, nimekuuliza, lini?"

"Kuna taratibu," akasema. Alikuwa anatazama chini.

Kule ng'ambo migongo ikaachana kidogo, nikamwona. Walikuwa wamemkalisha kwenye theluji, hana kofia. Angdus anaumwa masikio tangu utotoni, hata hemani halali bila kofia. Alinitazama mimi. Akatikisa kichwa, hivi, mara moja. Nami nikaelewa ananiambia anapata baridi. Nikaelewa ananiambia nifanye haraka. Mtu mwenye hofu huelewa anachotaka kuelewa.

"Hilo ni la babu yangu, Yudol," mama mkwe akasema nyuma yangu. Hakupiga kelele. Alisema tu.

Nikalikumbatia nikalishusha. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Sikuliweka chini, niliogopa kuliweka chini. Nililibeba kifuani kama mtoto nikasimama nalo, na Kapteni Thampi akageuka akatembea hadi kwenye lori lake akasimama ametugeuzia mgongo.

Walimwachia papo hapo. Akaja kwa miguu yake, Kipaku anamfuata, na ndani ya joho lake kitoto cha mbuzi kikiwa hai, kichwa nje, kinalia. Kile kilio nilikisubiri baridi tatu. Nilimshika mume wangu usoni, nikayashika masikio yake, nikamwambia, "Umerudi, umerudi," kama mjinga. Yeye alikuwa analitazama jiwe.

"Kwa nini ulilitoa?" akaniuliza.

"Angdus! Wangekuchukua!"

"Nilikukataza. Nilikutikisia kichwa."

Halafu akanieleza, taratibu kama kawaida yake, kila neno likinichoma. Yule mkalimani wa miwani alikuwa amechuchumaa kando yake kabla hajatusogelea na kipaza sauti, akajifanya anamkagua mifuko, akamnong'oneza kwa lugha yetu: Usiogope, mjomba. Wakubwa wameshaongea kwa simu tangu asubuhi. Saa saba mchana utarudishwa, mawe yaondoke yasiondoke. Ila usifungue mdomo, nami nina watoto.

"Saa hizi ni saa ngapi?" nikauliza.

Kapteni Thampi hakuwa amesikia yote, lakini saa aliielewa. Aliitazama mkononi. Ilikuwa saa saba kasorobo.

Siku nne baadaye amri ikashuka. Lhato la tatu haliko kama lilivyoandikwa, kwa hiyo hadi litakapozungumzwa upya, doria na wachungaji wataishia lhato la pili. Tuliwatoa mbuzi Rechung kwenye dhoruba, nusu yao bado na mimba. Yaliyofuata sitayasema, mnajua kikapu changu. Kile kitoto cha Kipaku kilikufa usiku wa kwanza, ndani ya joho la Angdus, naye alikaa nacho hadi jua likatoka.

Jiwe liko nyumbani kwangu, karibu na jiko. Kapteni alikuja kuliomba, akasema linatakiwa kwenye faili. Mama mkwe akamwambia akalete na lori la kumbeba yeye pia. Hakurudia. Angdus hajanilaumu hata siku moja, na ningependa anilaumu, tugombane, yaishe. Usiku huvaa kofia yake akageukia ukuta. Gari lolote likipanda kijijini, hata la muuza sukari, ninajikuta nimemshika mkono.

Majira haya ya baridi tulipanda tena, hadi lhato la pili. Tulifika pale mchana, jua linawaka, watatu sisi na mbuzi waliobaki. Juu kabisa kulikuwa na kile kidude, kimesimama, kinavuma. Mama mkwe alisogea kwenye lhato, akatia mkono ndani ya joho. Alikuwa amebeba jiwe jeupe kutoka nyumbani, nililiona lilivyovimba kwenye kitambaa. Akatazama juu. Halafu akautoa mkono mtupu.

"Twende," akasema. "Wanapiga picha."

Angdus hakupiga ukelele. Tukampita mungu kimya, mikono ndani ya majoho, kama watu tusiomjua.